Gramu Mia Moja, Miaka Thelathini

Hotuba kwa wajumbe wa kamati za haki na amani na viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, Pwani



 Mada niliyopewa ni hii: je, vifungo virefu kwa makosa ya dawa za kulevya ni vya haki? Mimi si wakili, ni mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Lakini sheria yenyewe nimeisoma, na nimekaa kwenye benchi za nyuma kortini Jumatatu nyingi, wakati vijana walionaswa kwenye msako wa Ijumaa wanaposhushwa kwenye lori. Nimeona inavyofanya kazi.

Niseme mapema ninaposimama, ili mtu asinisikilize kwa wasiwasi. Muuzaji wa unga akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Sikuja kumtetea. Ninachopinga ni sheria inayopima kosa kwa gramu, bila kuuliza huyu aliyeshika mzigo ni nani, ametumwa na nani, na amelipwa nini. Sheria ya namna hiyo humwangukia mbebaji, na mwenye mali anabaki na mali yake.

Sasa tuitazame sheria. Kenya ilipitisha sheria ya kudhibiti dawa za kulevya mwaka 1994, baada ya mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 uliofikiwa kule Vienna. Ilikuwa kali tangu kuzaliwa. Mtu aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe aliweza kufungwa miaka 10. Akishindwa kuionyesha korti kwamba ni ya kuvuta mwenyewe, miaka 20. Na aliyepatikana na hatia ya ulanguzi, faini ya shilingi milioni moja au mara tatu ya thamani ya mzigo, ile iliyo kubwa zaidi, na juu ya hiyo kifungo cha maisha.

Mwaka 2022 Bunge liliifanyia marekebisho. Kwa mvutaji wa bangi sheria ililegea kidogo: sasa ni kifungo kisichozidi miaka 5 au faini isiyozidi shilingi 100,000. Hilo ni jema, tushukuru. Lakini kwa ulanguzi walileta mizani. Ukipatikana na gramu 1 hadi 100, faini isiyopungua shilingi milioni 30, au kifungo cha miaka 30, au vyote viwili. Zikizidi gramu 100, faini isiyopungua milioni 50 au mara tatu ya thamani, au miaka 50, au vyote viwili.

Akina mama hapa wanajua gramu 100 ni nini. Ni ile pakiti ndogo ya majani chai unayonunua dukani. Na tufanye hesabu ya faini. Kijana wa kibarua anayepata shilingi 500 kwa siku, asile, asilipe nyumba, afanye kazi Jumapili na Krismasi, atahitaji siku 60,000 kufikisha milioni 30. Hiyo ni zaidi ya miaka 164. Kwa hivyo tusidanganyane kwamba sheria inampa mtu huyu nafasi ya kuchagua faini au jela. Faini hiyo imeandikwa kwa ajili ya mtu mwenye pesa, na mtu mwenye pesa si yeye anayeshushwa kwenye lori Jumatatu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Kile kifungu cha ulanguzi hakitenganishi bangi na heroini. Kwa jicho la sheria, gramu 90 za bangi na gramu 90 za heroini ziko kwenye kapu moja. Tunaoishi na mateja mitaani tunajua hivi si vitu vya kulinganisha. Bangi ina madhara yake, na vijana wetu wengine imewaharibu akili, sikatai. Lakini unga unaua kwa sindano, unaleta Ukimwi na homa ya ini, na arosto yake inamfanya mtoto aibe sufuria ya mamake ikiwa bado na chakula. Sheria ambayo haioni tofauti hiyo imeandikwa na mtu asiyejua mitaa yetu.

Halafu neno lenyewe, ulanguzi. Ukilisikia unamwona mtu mwenye gari kubwa na walinzi. Katika sheria maana yake ni pana sana: kuuza, kununua, kusafirisha, kuhifadhi, hata kumpa mtu. Kijana aliyetumwa avuke feri na mfuko ni mlanguzi. Mwanamke aliyewekewa kifurushi chini ya kitanda ni mlanguzi.

Namjua mama mmoja aliyekuwa akiuza chapati. Shemeji yake alileta mfuko jioni, akamwambia ni vitu vya kazi, atavichukua kesho. Polisi walikuja kabla ya hiyo kesho. Shemeji hajaonekana tena mpaka leo. Mama alikaa rimandi mwaka mmoja na miezi miwili kwa kukosa mdhamini, kisha akafungwa miaka 10. Hakuwa na wakili hata siku moja. Siwezi kuapa mbele yenu kwamba hakujua kilichomo, maana mtu hujua na asijue. Lakini hata kama alijua, je, miaka 10 ni yake au ni ya shemeji? Watoto watatu waligawanywa kwa ndugu kama vyombo vya marehemu, na yule mkubwa aliacha shule darasa la saba. Hawa watoto hawakuandikwa kwenye hati ya mashtaka, lakini wanatumikia.

Weka kesi ya mama huyo upande mmoja, halafu utazame upande wa pili kesi ambayo kila mtu wa Mombasa anaijua, ya ndugu wa Akasha. Baktash Akasha na nduguye Ibrahim walikamatwa hapa Mombasa Novemba 2014, baada ya mashushushu wa Marekani kuletewa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Kesi ya kuwapeleka Marekani ilizunguka katika korti zetu zaidi ya miaka miwili, wakiwa nje kwa dhamana. Mpaka Januari 2017 walipopandishwa ndege kwenda New York. Huko walikiri mashtaka Oktoba 2018, na katika makosa waliyokiri limo la kutoa hongo hapa nyumbani ili kuikwamisha kesi hiyo. Baktash akapewa miaka 25 Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 Januari 2020.

Ziweke namba hizo pamoja. Kilo 99 za heroini na biashara ya miaka mingi: miaka 25. Pakiti ya majani chai, kwa sheria yetu ya sasa: hadi miaka 30. Wale walikuwa na mawakili, walikuwa na dhamana, walikuwa na muda. Sheria kali ya 1994 ilikuwako kwenye vitabu wakati wote huo, na kifungo chake cha maisha. Haikuwagusa. Nchi nyingine ndiyo iliyowagusa.

Asubuhi mama mmoja aliuliza swali, na watu wakanyamaza ukumbini. Alisema: mwanangu alikufa na sindano mkononi nyuma ya soko, na aliyemuuzia bado anakaa pale, wewe unataka huyo aonewe huruma? Mama, hapana. Ninataka huyo akamatwe. Lakini tuulizane, kwa nini bado anakaa pale? Sheria ya maisha ilikuwako. Sheria ya miaka 30 na 50 iko. Kama ukali wa kifungo ungekuwa ndio dawa, pale nyuma ya soko pangekuwa peupe zamani.

Hapa nitakawia kidogo, kwa maana hili ndilo linaloniuma. Sisi wazazi tukisikia kifungo kimeongezwa tunapiga makofi. Tunafikiri muuzaji atasikia aogope. Yeye anapiga hesabu tofauti. Anauliza, nitashikwa au sitashikwa? Na nikishikwa, nitafika kortini? Muuzaji mwenye pesa akijua kwamba askari fulani hukubali kitu kidogo, basi urefu wa kifungo haumtishi. Unapandisha bei tu. Kosa la faini ya elfu tano, mtu huachiliwa njiani kwa mia tano. Kosa la miaka 30, bei yake ni shamba la babako. Kwa hivyo kila tunapoongeza miaka bila kuwasafisha wanaokamata, tunamwongezea mshahara yule askari mbaya. Anayekosa cha kutoa ndiye anayefikishwa mbele ya hakimu, halafu tunahesabiwa kwamba kazi inafanyika. Askari waaminifu wapo, nimefanya kazi nao, na wao ndio wa kwanza kuniambia maneno haya. Marekebisho ya 2022 yameweka adhabu pia kwa afisa anayeshirikiana na walanguzi. Hicho ndicho kifungu ambacho mimi ningependa kukisikia kikisomwa kortini mara nyingi zaidi.

Na ushahidi wa bahari tunao. Aprili 2014, miaka kama 20 tangu sheria ipite, manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini katika maji yaliyo nje ya pwani yetu, ndani ya jahazi moja tu. Julai mwaka huohuo meli nyingine ikanaswa na mamia ya kilo, ikaletwa Mombasa, na mwezi uliofuata serikali ikailipua baharini huku televisheni zikionyesha. Mzigo wa namna hiyo haubebwi na kijana wa feri.

Si sisi wa kwanza kupenda mizani ya gramu. Marekani walifanya hivyo mwaka 1986. Waliweka sheria kwamba mwenye gramu 5 za kokeini ya kuvuta, ile ya vijiwe inayouzwa katika mitaa ya maskini, apate miaka isiyopungua 5. Mwenye kokeini ya unga, iliyopendwa na watu wa ofisi, alihitaji kuwa na gramu 500 ndipo apate kifungo hicho hicho. Dawa ni moja, mmea ni mmoja. Waliojaa jela walikuwa Wamarekani weusi, na hakimu hata akimwona kijana ni wa kutumwa tu, mikono yake ilikuwa imefungwa. Iliwachukua miaka 24 kupunguza tofauti hiyo, mwaka 2010, kutoka mara 100 hadi mara 18. Hawakuimaliza. Na mwaka 2018 ndipo wale waliofungwa zamani waliporuhusiwa kuomba vifungo vyao vitazamwe upya. Wengine walikuwa wameingia wakiwa na watoto wachanga, na sasa walikuwa na wajukuu.

Sisi tunayo nafasi ambayo wao walijinyima. Mwaka 2014 Mahakama ya Rufaa ikiketi Mombasa ilieleza kwamba maneno ya sheria ya 1994, yanayosema mtu atastahili kupata kifungo cha maisha, yanaweka kilele tu. Hayamlazimishi hakimu apande mpaka huko juu kwa kila mtu. Hakimu ana ruhusa ya kutazama mshtakiwa ni nani na kosa lilikuwaje. Sheria ya 2022 nayo inatumia neno lile lile kwa upande wa kifungo, ingawa faini wameiwekea sakafu, na sakafu yenyewe iko juu ya dari la nyumba zetu. Maana yake ni kwamba kesi mbili za mzigo sawa zinaweza kuishia mbali sana, kulingana na hakimu ameelezwa nini kuhusu mtu aliye mbele yake. Na mara nyingi haelezwi kitu. Anaulizwa mshtakiwa kama ana la kusema kabla ya hukumu, anasema, naomba msamaha, basi. Maisha yake yote yamekwisha kwa maneno mawili.

Hapo ndipo sisi tunapoingia, kwa hivyo shikeni kalamu.

Kwanza, mkisikia mtu wa jumuiya yenu ameshtakiwa, mtu mmoja aende kortini. Asiende kupiga kelele. Aende kukaa na kusikiliza, aandike namba ya kesi na tarehe ya kutajwa tena. Nimeona kesi ikienda vizuri zaidi kwa sababu tu hakimu aliona watu wazima watatu wamekaa nyuma.

Pili, uzito. Sheria inataka dawa zilizonaswa zipimwe mbele ya mtu anayeshtakiwa, na zichunguzwe na mtaalamu, ambaye kwa kawaida ni Mkemia wa Serikali. Thamani nayo inatakiwa kuthibitishwa kwa cheti cha afisa aliyeruhusiwa. Mshtakiwa ana haki ya kuuliza vyeti hivi viko wapi. Gramu zikiwa ndizo zinazoamua miaka, mtu asikubali gramu za kukisia. Wengi hukubali kila kitu siku ya kwanza kwa sababu wameambiwa na mwenzao wa seli kwamba ukikiri unaachiliwa haraka. Waambieni vijana wenu kabla, wakiwa bado nyumbani.

Tatu, ripoti ya afisa wa probesheni. Kabla ya hukumu, mshtakiwa anaweza kuomba afisa atumwe kijijini au mtaani kuuliza habari zake. Afisa akija, msijifiche! Nimeona mwenyewe: afisa anafika, majirani wote wamekuwa viziwi, chifu amesafiri. Ripoti inarudi inasema mshtakiwa hajulikani na jamii. Mwambieni ukweli, hata ule mbaya. Kama ni teja, semeni ni teja na tangu lini. Kama alitumwa, semeni alikuwa akitumwa. Kama ana watoto, ni wangapi na wanakula kwa nani. Kwa bangi kidogo ya kuvuta, hakimu anaweza kabisa kumpa huduma kwa jamii chini ya sheria ya 1998, afagie zahanati mchana na jioni alale kwake. Mfungwa anayelala kwake hamlipishi mlipa kodi hata sahani moja ya maharagwe.

Nne, matibabu. Sheria ile ile ya 1994 ina sehemu nzima juu ya vituo vya kuwarekebisha waraibu, na imekaa miaka mingi kama nguo ya sanduku. Lakini mambo yamesogea. Tangu mwishoni mwa 2014 serikali ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari Nairobi, na mwaka uliofuata ikafika Malindi na Mombasa. Baadaye hata gereza la Shimo la Tewa likapata huduma hiyo. Mteja wa kliniki anakunywa dozi yake kila siku mbele ya muuguzi, arosto inatulia, mtu anaweza kurudi kuuza samaki. Wengine wanaanguka tena, nisiwafiche, wanaanguka mara tatu, mara nne. Lakini mtu aliyeko kliniki akianguka unamwokota. Mtu uliyempa miaka 20 unamwokota wapi? Kama kijana yuko kwenye methadoni, kadi yake ya kliniki ipelekwe kortini na ripoti ya muuguzi pamoja nayo.

Kuna mzazi atasema, basi mimi nilimripoti mwanangu mwenyewe, nilichoka. Wako wazazi wa namna hiyo humu ndani na siwalaumu. Mtu akiuza mlango wa nyumba yako, utaita polisi. Ila jueni kwamba ukisha kuandikisha kule kituoni, si wewe tena unayeamua litakaloandikwa kwenye mashtaka. Uliyemshtaki kwa kuvuta anaweza kusomewa ulanguzi, kwa sababu kete zilikuwa tano badala ya moja, na ni yeye anayetakiwa kuiridhisha korti kwamba zilikuwa zake za kutumia. Kabla ya kufika huko, piteni kwanza kliniki, au ofisi ya probesheni, au ofisi yetu.

La mwisho ni rufaa, na hapa siku ni chache. Aliyehukumiwa ana siku 14 tu za kukata rufaa, zikihesabiwa tangu siku ya hukumu. Familia nyingi hutumia siku hizo wakilia na kutafuta nauli ya kwenda kumwona. Msingoje. Magerezani huwa kuna wafungwa waliojifunza kuwaandikia wenzao rufaa, na wengine ni hodari kushinda tunavyodhani, lakini wanahitaji nakala ya mwenendo wa kesi na ya hukumu. Mtu wa familia aende kwa karani wa korti aiombe kwa maandishi, abaki na nakala ya barua yake iliyopigwa muhuri. Siku zikiwa zimepita, bado inawezekana kuiomba Mahakama Kuu iruhusu rufaa iliyochelewa, ila lazima kuwe na sababu. Sababu hiyo iandikwe kwa lugha ya kawaida: hatukujua, hatukuwa na wakili, nakala ilichelewa. Sampuli ya barua ya kuomba nakala iko kwa katibu hapo mlangoni, kila jumuiya ichukue mbili.